Shamba la babu na mipaka yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ardhi ya mashambani Kenya

Maswali haya huzuka pale familia inapofungua sanduku la marehemu na kukuta hatimiliki iliyokunjwa miaka arobaini, au jirani anapong'oa ua usiku. Majibu yanahusu Kenya, hasa kaunti za mashambani. Jambo moja litajirudia humu: kabla ya kubishana mpaka uko wapi, jua kwanza karatasi ya shamba hilo ilizaliwa na sheria gani. Mashamba mawili yanayopakana na mto uleule yanaweza kuwa na historia tofauti kabisa za kisheria, na jibu linalomfaa mwenye moja likampoteza mwenye jingine.

Ukoo wetu umekaa hapa tangu zamani. Mbona jina la babu halionekani kwenye daftari lolote kabla ya miaka ya 1950?

Kwa sababu daftari hilo halikuwekwa kwa ajili yake. Uingereza ilitangaza himaya ya Afrika Mashariki tarehe 15 Juni 1895. Sheria ya Ardhi ya Taji (yaani ya ufalme wa Uingereza) ya 1902 iliruhusu walowezi kukodishiwa ardhi kwa miaka 99. Ile ya 1915 ikarefusha muda hadi miaka 999, tena ikahesabu hata ardhi iliyokaliwa na Waafrika kuwa mali ya Taji. Mapema miaka ya 1920 mahakama ilitamka kwamba Mwafrika aliye kwenye ardhi ya ukoo wake ni mpangaji tu wa Taji, ambaye anaweza kuondolewa. Wazungu walikuwa na hati zenye ramani zilizopimwa kwa bikoni, yaani alama za mpaka zinazowekwa na serveya. Waafrika walikuwa na "rizavu", iliyopakwa rangi moja kwenye ramani, bila jina la mtu ndani yake.

Hiyo haimaanishi kwamba hakukuwa na mipaka. Ilikuwepo, na ilijulikana hadi kwa watoto: mto, tuta, mti uliopandwa na babu, maua ya itoka kwa Wakikuyu, minyaa kwengineko. Wazee wengi waliieleza mbele ya Tume ya Carter, tume ya kikoloni ya kuchunguza masuala ya ardhi, iliyofanya kazi kati ya 1932 na 1934, na ushahidi wao ulichapishwa katika majuzuu manene. Ukitafuta maandishi ya zamani kuhusu madai ya ukoo fulani, anzia hapo. Soma kwa tahadhari, maana kila mzee alikuwa akitetea upande wake na karani alikuwa akitafsiri.

Basi shamba la babu lilisajiliwa vipi?

Katika sehemu za Kati, kwa kukusanya vipande. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulitaka kila mkulima awe na shamba moja lenye hati, badala ya vipande sita vilivyotawanyika kwenye miteremko mbalimbali. Vipande vilipimwa, vikajumlishwa, kisha mtu akapewa eneo moja la ukubwa uliolingana, baada ya kukata sehemu ya barabara, shule na soko. Ndiyo sababu mzee anaweza kukuambia "shamba letu lilikuwa kule ng'ambo" na hati ikasema mko huku. Wote wawili wanasema kweli.

Kazi hiyo ilifanyika wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa na serikali ya kikoloni kupambana na Mau Mau. Maelfu ya wanaume walikuwa kizuizini, na kamati za ardhi zilijaa watu wa upande wa serikali. Waliokuwa mbali walitegemea ndugu awasemee, na si kila ndugu alisema. Fort Hall, ambayo leo ni Murang'a, kulikuwa na kasoro nyingi kiasi kwamba kazi ilibidi irudiwe. Sheria ya usajili wa ardhi za Waafrika ikaja 1959, halafu Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa, maarufu Kapu 300, mwaka 1963. Kapu 300 ilikuwa na kifungu kikali: usajili wa kwanza haukuweza kurekebishwa na mahakama hata kama ulipatikana kwa ulaghai. Manung'uniko mengi unayosikia leo yanatokana na mlango huo uliofungwa. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 haikuendeleza kinga hiyo.

Magharibi, Nyanza, Mashariki na kwengineko njia iliyotumika zaidi ni ile ya Sheria ya 1968, ambayo wengi huiita "adjudikesheni". Hapo vipande havikukusanywa. Kila mtu alipimiwa alipo. Kamati ya wenyeji iliamua nani ni wa wapi, daftari likawekwa wazi kwa siku 60 ili watu wapinge, na asiyeridhika akakata rufaa kwa waziri. Kama eneo lenu bado liko kwenye hatua hii, usikimbilie mahakamani. Kesi ya ardhi hiyo haifunguliwi bila kibali cha ofisa wa adjudikesheni.

Na sisi ambao hatukupitia njia hizo mbili?

Kuna makundi kadhaa. Pwani, ndani ya ukanda wa maili 10 uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, sheria ya 1908 iliwataka wenye madai wajitokeze mbele ya msajili. Wengi wa Wamijikenda hawakupata chochote katika zoezi hilo, na ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya Taji. Ndiyo asili ya vijiji vizima ambavyo mpaka leo vinaitwa vya "maskwota" ilhali makaburi ya babu zao yako palepale.

Skimu za makazi, kuanzia Mpango wa Ekari Milioni wa 1962, ziligawa mashamba ya walowezi kwa mkopo. Hapo swali la kwanza ni kama mkopo ulilipwa ukaisha. Bila hivyo hati haitoki, hata kama mzee alilima miaka 50. Kampuni na vyama vya kununua mashamba, ambavyo vilishamiri Bonde la Ufa na Kati, vina tatizo lao: mwanachama alikuwa na cheti cha hisa na namba ya kura, na vyote viwili si hatimiliki. Tunza risiti zote, hata zile zilizofifia.

Kwa wafugaji, sheria nyingine ya 1968 ilianzisha ranchi za kikundi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inazitaka zisajiliwe upya kama ardhi ya jamii, na ardhi hiyo haiuzwi bila thuluthi mbili ya mkutano wa jamii kuridhia. Anayekuuzia "kipande cha ranchi" akiwa peke yake anakuuzia maneno.

Mpaka halisi ni upi: ua, bikoni au mstari wa kwenye ramani?

Hili ndilo swali lenye kuleta ngumi, na jibu lake huwashangaza wengi. Mashamba mengi ya vijijini yana mipaka ya jumla. Ramani yake, ile maserveya huiita RIM, haikuchorwa kwa kupima kila kona. Ilichorwa mara nyingi kutokana na picha zilizopigwa kutoka angani. Watu waliambiwa wapande ua, ua ukakua ukaonekana kutoka juu, mchoraji akafuata mstari wake kwenye picha iliyokuzwa. Picha hizo mara nyingi hazikuwa zimesahihishwa kwa ajili ya miinuko na mabonde, hivyo kwenye miteremko mikali mstari ulipinda au kunyooka kinyume na hali halisi.

Sheria yenyewe inakiri jambo hili. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi kinasema ramani inaonyesha mpaka kwa kukadiria tu, isipokuwa mpaka uwe umethibitishwa rasmi chini ya kifungu cha 19. Kwa hiyo kwenye mpaka wa jumla, kilicho ardhini, yaani ua wa kayaba, mikonge, minyaa, mtaro wa zamani, mti wa alama, ndicho kinachobeba uzito, mradi ni kile cha asili na si kilichopandwa msimu uliopita. Ramani inakuambia mpaka una umbo gani, nani yuko upande gani, na kama kona ni mbili au tatu. Haiwezi kukuambia kigingi kikae sentimita ngapi kutoka kwenye mwembe.

Yalikokuwa mashamba ya walowezi, na kwenye ploti nyingi za miji, mambo ni tofauti. Huko mipaka imepimwa, bikoni zina namba na vipimo vyake vimehifadhiwa Idara ya Upimaji. Bikoni ikipotea, serveya huirudisha mahali pake kwa hesabu. Kwenye mpaka wa jumla hakuna hesabu ya kuirudia. Serveya anayekuambia atakuonyesha mpaka wako "hadi sentimita" kwa kutumia RIM peke yake anakuza uwezo wa karatasi ile.

Hatimiliki inasema ekari 5. Serveya amepata 4.8. Nani ameniibia?

Huenda hakuna mtu. Soma tena hati: ukubwa umeandikwa kwa hekta, na umeandikwa kuwa ni takriban. RIM nyingi zina kipimo cha 1:2,500, yaani milimita 1 ya karatasi ni mita 2.5 za ardhi. Sasa chukua shamba la mraba la ekari 5. Kila upande una karibu mita 142. Ukisogeza kila mpaka ndani kwa mita moja na nusu, ambayo kwenye ramani ni milimita 0.6, unapoteza zaidi ya mita za mraba 840, na zinabaki ekari 4.8 hivi. Unene wa wino na karatasi iliyonywea kwa miaka 60 vinatosha kula kipande hicho.

Ukipungukiwa na nusu ekari au zaidi, hapo chunguza. Uliza kama kuna mutesheni iliyosajiliwa, yaani mchoro wa kugawa shamba, ambayo hukuijua, au barabara iliyokatwa. Usiende kwa jirani na panga kwa sababu ya desimali.

Na ploti ya 50 kwa 100 ni robo ya nusu ekari?

Haifiki. Futi 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000, na thumuni ya ekari ni 5,445. Wauzaji wanaijua tofauti hii vizuri kuliko wanunuzi.

Jirani amesogeza ua. Nifanye nini?

Usiung'oe wa kwake. Kuharibu au kuhamisha alama ya mpaka bila ruhusa ni kosa la jinai, na ukijibu kosa kwa kosa mtapelekwa nyote wawili.

Piga picha mapema, kabla shina la zamani halijachimbuliwa likachomwa. Kaeni na wazee wa kijiji na naibu wa chifu, mwandike mlichokubaliana na kutia sahihi. Kwa uzoefu wangu wa kusikiliza mizozo hii, mingi huishia hapo ikiwa wazee walioitwa ni wale walioona ua ukipandwa, na si wale wanaojua kusema sana. Isipoisha, mwandikie Msajili wa Ardhi wa eneo lako, ukieleza namba za mashamba yote mawili. Msajili huwaita wahusika na majirani wanaopakana nanyi, huja na serveya wa serikali, husikiliza, hutembea mpakani, kisha huandika uamuzi. Njoo na mashahidi wenye umri, na nakala ya ramani uliyoinunua mwenyewe.

Mahakama huja baadaye. Kifungu kilekile cha 18 kinaizuia kusikiliza kesi ya mpaka ambao msajili hajauamua. Watu wamelipa mawakili miaka kadhaa na kurudishwa walikopaswa kuanzia. Uamuzi wa msajili usipokuridhisha, ndipo unaenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Je, naweza kutumia simu kupima mpaka?

Kwa kupata picha ya jumla, ndiyo. Simu hukosea kwa mita kadhaa, na chini ya miti zaidi ya hapo. Kwenye mzozo wa mita mbili haisaidii kitu.

Ramani inaonyesha barabara, lakini ardhini kuna mahindi. Barabara ni ya nani?

Ni ya umma. Barabara nyingi za vijijini zilitengwa wakati wa kusajili ardhi, kila mtu akichangia kipande, kisha hazikulimwa na greda. Wenye mashamba wakazimeza polepole, mstari mmoja wa mihogo kwa mwaka. Kuzilima miaka 30 hakuzifanyi ziwe zako, kwa kuwa muda hauhesabiwi dhidi ya ardhi ya umma. Wakazi wanaweza kuiandikia serikali ya kaunti na kumwomba serveya aifungue kwa kufuata ramani. Tegemea kelele. Aliyejenga jiko juu ya barabara huwa na marafiki wengi.

Hati iko kwa jina la baba mkubwa, lakini lilikuwa shamba la ndugu wote. Tumepoteza?

Si lazima. Wakati wa kusajili, familia nyingi zilimweka kifungua mimba, au yule aliyekuwa nyumbani, aandikwe kwa niaba ya wengine. Hakuna aliyefikiri kwamba watoto wake wangekuja kusema "soma jina lililoandikwa hapa". Sheria ya 2012 inatambua amana za kimila hata kama hazikuandikwa kwenye rejista, na mwaka 2018 Mahakama ya Juu ilifafanua jinsi zinavyothibitishwa. Inatazama kama ardhi ilikuwa ya familia au ukoo kabla ya usajili, kama anayedai ni wa familia hiyo na uhusiano wake si wa mbali mno, na kama angeandikwa lau si jambo fulani lililozuia, kwa mfano alikuwa mtoto, au kizuizini. Mahakama ilisema pia kwamba si lazima mdai awe anaishi kwenye shamba lenyewe.

Ushahidi unaosaidia ni wa kawaida sana: makaburi, nani alijenga wapi, nani alichuma kahawa ipi, kumbukumbu za kamati ya ardhi. Andikeni maneno ya wazee sasa. Shahidi wa miaka 88 hasubiri kalenda ya mahakama.

Babu alifariki 1974 na hati bado ni yake. Tunaweza kugawana tu kijijini?

Mnaweza kuonyeshana, lakini rejista haitabadilika bila mirathi. Sheria ya Urithi ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Kwa aliyefariki kabla ya hapo, nani anarithi huangaliwa kwa mila au sheria ya wakati ule, ila utaratibu wa kusimamia mali ni wa sheria hiyo mpya. Waliofariki baadaye, sheria haitofautishi mwana na binti, aliyeolewa wala asiyeolewa. Ukiona orodha ya warithi yenye wanaume watupu, kuna mtu amefichwa, na shauri litarudi siku moja likiwa na gharama kubwa zaidi.

Mkipata hati ya usimamizi ikathibitishwa, serveya hugawa, mutesheni husajiliwa, namba ya zamani hufungwa na kila kipande hupata namba mpya. Hapo ndipo utatambua kwamba namba ya babu haipo tena, na hilo ni la kawaida.

Mtu amelima kipande changu miaka 12. Amekichukua?

Inategemea aliingiaje. Kwa Sheria ya Ukomo wa Madai, aliyekalia ardhi ya mtu binafsi kwa miaka 12 mfululizo, waziwazi, bila ruhusa ya mwenyewe, anaweza kuiomba mahakama imtangaze mmiliki. Neno zito hapo ni ruhusa. Mkwe uliyemkaribisha, mpangaji anayelipa kodi, ndugu uliyemwonyesha mahali pa kulima, hao hawahesabiwi muda huo maadamu ukarimu wako unaendelea. Ndiyo maana barua fupi ya ruhusa, iliyotiwa sahihi na pande zote, ni kinga nzuri kwa mwenye shamba aishie mjini.

Nataka kununua shamba kijijini. Sachi inatosha?

Sachi ni upekuzi rasmi wa rejista ili kujua mmiliki ni nani. Zamani watu walisema inatosha. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisisitiza kwamba mnunuzi hawezi kujificha nyuma ya hatimiliki ikiwa mizizi yake ilitolewa kinyume cha sheria. Hivyo sachi ni mwanzo tu. Omba nakala ya kadi ya kijani, ambayo ndiyo rejista yenyewe, usome kila jina tangu la kwanza. Linganisha tarehe. Shamba lililopitia mikono mitatu ndani ya miezi minne lina hadithi. Nunua ramani, tembea mpakani pamoja na majirani wote, na uliza kimyakimya kuhusu makaburi.

Kwa shamba la kilimo lazima mpate kibali cha bodi ya ardhi, na maombi yapelekwe ndani ya miezi sita tangu mkubaliane. Bila kibali makubaliano huanguka, ingawa mahakama zimewahi kumlinda mnunuzi aliyelipa na kukabidhiwa shamba. Usinunue kwa kutegemea huruma hiyo. Ridhaa ya mke au mume wa muuzaji nayo iandikwe.

Karatasi za zamani hupatikana wapi?

Rejista na mutesheni ziko kwenye ofisi ya ardhi ya eneo husika. Mfumo wa Ardhisasa ulizinduliwa Aprili 2021 ukianzia Nairobi, kwa hiyo ukiwa mashambani jiandae kukutana na majalada ya karatasi. Ramani na picha za angani ni za Idara ya Upimaji, Ruaraka. Nyaraka za kikoloni za wilaya ziko Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi. Tafuta kwa jina la wilaya la wakati ule, kwani "kaunti" za leo hazimo.

Kaunti yetu inagombania mpaka na jirani. Nikihamishiwa upande ule, shamba litakuwa la nani?

Litabaki lako. Kaunti 47 zilifuata wilaya za sheria ya 1992, na kubadilisha mpaka wa kaunti ni mchakato wa kikatiba unaopitia tume huru na Bunge. Kinachoweza kubadilika ni ofisi utakayokwenda kulipia sachi.